Nusu Bastola, Nusu Bunduki

Vijana wa kijiwe cha bodaboda hapa Mlandege mna swali moja, na mnaniuliza kwa zamu kama watu wanaopokezana ndoo bombani: "Babu, miaka yote hiyo umeshinda na bunduki, uliua wangapi?" Nikijibu kwamba sijaua hata panya, mnacheka, mnasema mzee anaficha madhambi yake. Basi nimeamua kuandika. Mdomo wangu mnaujua: nikisimulia, paka anakuwa chui kabla chai haijapoa. Kalamu angalau inanishika shati.

Hiyo kalamu yenyewe niliipata ukubwani. Kidato cha nne nilikimalizia madarasa ya jioni, nikiwa na weupe mwingi kichwani kuliko chaki iliyokuwa ubaoni. Mwalimu wa Hesabu alikuwa kijana kiasi kwamba aliniamkia kwanza, "Shikamoo mzee," ndipo akanipa sifuri yangu. Nilivipokea vyote viwili, shikamoo na sifuri, kwa heshima ileile.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa kutunza amari, yaani chumba cha silaha, katika kampuni ya ulinzi iliyokuwa na walinzi Mbeya na Iringa. Nilisafisha bunduki, nikazitoa asubuhi, nikazipokea jioni, na nikawafundisha walinzi kulenga. Bunduki nilizozifuta maishani mwangu, ukizilaza mstari mmoja, zinatoka hapa zinafika Tunduma, na mbili tatu zinavuka mpaka bila pasipoti. Lakini ninayotaka kuwaeleza habari zake ni moja tu, ile fupi.

Kwenye makaratasi ya kibali iliandikwa karabaini. Sisi tuliiita Nusu, kwa sababu ni nusu bastola, nusu bunduki. Inakula risasi ileile ndogo ya bastola, ila ina mtutu mrefu kidogo na kitako cha kuegemeza begani. Ukivuta kifyatulio inatoa risasi moja, basi. Si ile ya kumwaga kama bomba lililopasuka. Zilipoletwa mara ya kwanza, walinzi wa zamani walizishika kwa vidole viwili. Mmoja akaniuliza kama mama yao amebaki ndani ya sanduku anajiandaa.

Aliyenifundisha kuzielewa ni Mzee Msigwa, mtunza amari aliyenitangulia. Mhehe wa hukuhuku, askari mstaafu, mpole kama maziwa mgando. Kila asubuhi akifungua mlango wa amari alizisalimia bunduki: "Kamwene." Anasubiri kidogo. Kisha anasema, "Hakuna aliyeitika. Vizuri. Siku ikiitika mojawapo, usinisubiri, kimbia."

Mzee Msigwa alikuwa akisema bastola ni silaha yenye uongo mwingi. Kwenye sinema mtu anapiga tundu la kitasa akiwa anakimbia. Mlete huyo renji, uwanja wa kulengea shabaha: mtu mzima mwenye familia na nyumba ya bati, anakosa ukuta wa ghala. Mkono unatetemeka, pumzi inapanda na kushuka, moyo ndio usiseme. Sasa ipe bastola hiyo kitako, mtu aiweke begani, shavu litulie, mikono yote miwili ishike. Mtu ni yuleyule, risasi ni ileile, na ghafla anapiga kopo kutoka mbali ambako mwanzo hata kopo lenyewe alikuwa halioni. "Hajawa fundi," Mzee alisema. "Amepata pa kuegemea tu. Watu wengi ndicho wanachokosa."

Amari nayo ilipumua. Bastola za wasimamizi na hizi Nusu zilikula sanduku moja la risasi, kwa hiyo hapakuwa na kuchanganya. Kelele yake ni ya wastani, na teke lake ni la ndama anayejifunza kusimama. Linganisha na shotigani zetu, zile ndefu za marisau. Shotigani ilikupiga bega mpaka meno ya juu yakawasalimia ya chini. Mimi mwenyewe siku ya kwanza ilinirudisha nyuma nikajikuta karibu na Makambako. Haya, si Makambako. Lakini kofia yangu ilitangulia njia hiyo.

Hapo msije mkadhani Nusu ni dawa ya kila ugonjwa. Kulikuwa na mfanyabiashara wa hapahapa Mlandege, tulimwita Hajji, mtu wa watu, babu zake walipanda kutoka pwani na mizigo ya nguo wakakuta baridi ya Iringa wakazivaa wenyewe. Hajji alikuwa na mashamba ya mpunga huko Usangu, na kiboko alikuwa anaingia kila msimu kama mpangaji. Akaja ofisini anataka ushauri: aombe kibali cha bunduki kama hii, nyepesi, nzuri, ampige kiboko. Mzee Msigwa alimsikiliza mpaka mwisho, akammiminia na chai.

"Hajji," akasema, "ukimpiga kiboko kwa hii, utakuwa umemkumbusha tu kwamba upo."

Hajji akacheka, lakini hakukubali kushindwa. Akauliza kama haifai kwa kiboko, na haifai kwa nyati, na ukiwa kule mbugani mtu akiwa ng'ambo ya mfereji haimfikii vizuri, sasa chuma hiki kilitengenezwa cha nini.

Mzee hakucheka. Alisema kilitengenezwa kwa ajili ya watu, watu walio karibu, mahali pembamba: ndani ya gari, kwenye ujia wa duka, mlangoni. Na kwamba ndiyo maana yeye alikiogopa kuliko kile cha tembo. Akamwambia Hajji akawaone watu wa wanyamapori, na dukani kwake aweke taa, nondo na mbwa mwenye wivu. Hajji aliweka vyote vitatu. Mbwa yule alikuwa na wivu mpaka wateja wakapungua.

Ubaya wa Nusu umo mlemle kwenye uzuri wake: ni nyepesi mpaka unaisahau. Mlinzi wetu mmoja aliingia kibanda cha chipsi pale stendi, akaning'iniza Nusu kwenye msumari wa makoti, akala, akajifuta mdomo, akaondoka zake anapiga mluzi. Muuza chipsi akamkimbilia barabarani ameibeba kama mwavuli, anaita, "Kaka, kaka, kitu chako!" Nawaambia, watu wa stendi waligawanyika kama Bahari ya Shamu. Aliporudi amari Mzee Msigwa hakumfokea. Alichukua mkanda, akamvisha Nusu mwilini, akamwambia ale nayo, akae nayo, aende nayo msalani, mpaka mwisho wa zamu. Kuanzia hapo ikawa sheria kwa wote: Nusu ikitoka amari, mkanda hautoki begani mpaka irudi amari. Shotigani ilikuwa haihitaji sheria hiyo. Ile hata ukiisahau, bega linakukumbusha.

Sasa nije kwa Atupele, maana bila yeye haya yote ni hadithi za vyuma.

Atupele, au Mama Lusajo kama tulivyomwita, alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mlinzi wa geti kwenye yadi moja ya malori Mbeya. Mfupi, akisimama kando ya shotigani hujui nani kambeba nani. Baba wa watoto wake alikwenda Kongo kutafuta maisha, akayapata, akakaa nayo hukohuko. Lusajo na dada zake wakabaki mikononi mwa mama, na mama akabaki mikononi mwa lile geti. Halafu mwenye yadi akatangaza kwamba mkataba ukiisha ataweka kamera, walinzi basi. Nafasi iliyobaki kwenye kampuni ilikuwa moja: msafara wa shaba.

Msafara ni hivi. Malori ya shaba yanatoka Zambia na Kongo, sisi tunayapokea Mbeya, tunayasindikiza mpaka chini ya mlima Kitonga. Pale Kitonga lori lililobeba linateremka kwa gia nzito, polepole kiasi kwamba utingo anaweza kushuka, akanywa chai, akaoa, akarudi na mtoto wa kwanza akakuta lori bado liko kona ya pili. Wezi wanalijua hilo kuliko madereva. Wanadandia nyuma, wanapasua turubai. Kwa hiyo mlinzi mmoja anakaa kwenye kabini ya lori la kwanza pamoja na dereva, mwingine la mwisho, na pikapu ya kampuni inafuata.

Ili uingie msafara lazima ufaulu shabaha kwa silaha utakayobeba. Mama Lusajo alipewa shotigani akafeli. Akapewa tena, akafeli vibaya zaidi. Si macho, macho yake yalikuwa yanaona bei ya nyanya kutoka ng'ambo ya soko. Tatizo ni kwamba kabla ya kuvuta alifumba macho na bega likarudi nyuma lenyewe, likikimbia kipigo kabla hakijafika. Wenzake hawakumwacha. Mmoja alimuuliza, "Mama Lusajo, unalenga au unasali?"

"Nawaombea mliosimama karibu," akajibu, na hakucheka.

Mzee Msigwa wakati huo alikuwa ameshastaafu, lakini siku za renji alikuja, kama mtu anayepita kumwona ndama aliyemuuza. Alimtazama, akatoa mfukoni punje ya mahindi. Huo ulikuwa mtihani wake. Bunduki tupu, umeikagua wewe na mimi, hakuna kitu ndani. Punje inawekwa juu ya mtutu karibu na ncha. Unalenga, unavuta kifyatulio. Punje ikibaki, huogopi. Ikianguka, mwili wako umesema kweli ambayo mdomo unaficha.

Kwa shotigani punje ya Mama Lusajo iliruka kama imeitwa nyumbani. Bunduki tupu, jamani! Hakuna risasi, hakuna teke, na bado bega lilikimbia. Mzee akaomba Nusu. Tukaweka punje. Akavuta, ikatulia. Akavuta tena na tena mpaka sisi tuliotazama tukaanza kupiga miayo, punje imekaa pale kama kuku anayeatamia. Tulipompa risasi za kweli, makopo yalikufa moja baada ya jingine, na lile la mwisho nadhani liliruka lenyewe kwa woga.

Zile Nusu zilikuwa za kuazima tangu enzi za Mzee Msigwa, na meneja wetu alikuwa ameziongezea majaribio ya msimu mmoja tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kujibu maswali ya walio juu yake. Alimruhusu Mama Lusajo aingie msafara na Nusu, akanieleza peupe kwamba msimu ukiisha ataamua. Zikirudishwa Nusu, Mama Lusajo naye anaondoka, kwa sababu shotigani haiwezi na geti halipo. Nilipoanza kumtetea alininyamazisha taratibu: yeye hanunui silaha ili kumtafutia mtu kazi. Nimwonyeshe barabarani Nusu inafanya nini ambacho shotigani haifanyi.

Nikamwonyesha nini sasa? Msimu mzima hakuna Nusu iliyolia. Kila jioni napokea silaha, nanusa mtutu, unanuka mafuta tu. Mama Lusajo anakuja kwangu, "Baba, vipi, meneja amesemaje?" Namwambia bado. Anaitikia, "Haya," anakwenda. Hilo "haya" lake lilikuwa zito kuliko lori.

Safari iliyokaribia kufunga msimu, meneja alinituma niende mwenyewe kwenye pikapu ya nyuma, nikaone. Lori la kwanza lilikuwa la Shabani, dereva mtoto wa mjini Mbeya, lafidhi tamu, anaweza kukutukana ukamshukuru. Mama Lusajo alikaa ubavuni mwake. Igawa tulisimama mchana, madereva wakanunua vitunguu na mchele kama vile wanaelekea jangwani, tukaondoka.

Ninyi mnaopita barabara hiyo mnajua: gari likiharibika, mwenyewe anakata matawi mabichi anayatandaza barabarani, nyuma na mbele, ili anayekuja apunguze mwendo. Ni sheria isiyoandikwa, kila dereva anaiheshimu. Lakini msimu uliotangulia wezi walijifunza kuitumia. Wakatandaza matawi, lori likapunguza, wakalipanda. Kampuni ikatoa amri: msafara ukikuta matawi, hakuna kusimama, kanyaga mafuta upite. Atakayesimama, kazi hana.

Baada ya Igawa, mahali ambapo barabara inaanza kupinda na kupanda, matawi yakaonekana. Na juu ya matawi, mtu. Anakuja mbio, shuka limemfunga shingoni, na begani amebeba kitu kirefu, cheusi, cha chuma.

Yaliyotokea ndani ya kabini nayajua kwa Shabani, ambaye aliyasimulia mara nyingi mpaka leo hajaongeza kitu, na kwa Shabani hiyo ni ajabu. Alikuwa ameshashusha gia ili apate nguvu ya kupita.

"Punguza," Mama Lusajo akasema.

"Mama, amri ni kupita."

"Amri naijua. Punguza. Akiwa mbaya, niachie mimi."

Nusu ilikuwa kifuani pake, mkanda begani, mdomo wa mtutu ukitazama sakafuni. Aliinua tu mikono, kama mtu anayeinua mtoto aliyelala, ikawa imefika dirishani. Kidole kiko nje ya kifyatulio. Shabani anasema kilichomshangaza ni pumzi yake, haikubadilika. Alikuwa anamtazama yule mtu vile anavyotazama nyanya.

"Anaangalia matairi," akasema. "Mwizi angeangalia turubai."

Lori likawa linatambaa. Mtu akafika umbali wa kusikilizana. Mama Lusajo akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shusha hicho chuma, baba. Kiweke chini pole pole."

Yule mtu akakitazama kitu kilichokuwa begani mwake kama ndiyo kwanza anakiona. Akakiweka chini. Ilikuwa boriti ya plau, la kukokotwa na maksai. Alikuwa ameitumia kama wenzo kunyanyulia mkokoteni, kisha akakimbia nayo, vile mtu anavyokimbia moto na kijiko mkononi. Halafu akafanya kitu ambacho, Shabani anasema, ndicho kilichomwondolea hofu yote. Akasimama wima, akihema, akaamkia.

"Mwadila, mama."

Na akangoja aitikiwe. Msukuma wa watu, jina lake tulikuja kulijua ni Masanja, wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao zamani, dunia imempindukia, na bado hawezi kueleza shida yake kabla salamu haijaitikiwa. Mama Lusajo Kisukuma hajui hata cha kuombea maji. Lakini salamu ni salamu.

"Mwadila, baba. Sema."

"Watoto wangu wako barabarani," Masanja akasema.

Shabani akafunga breki, msururu wote ukasimama. Mimi nilifika kwa miguu, nakimbia, tumbo limenitangulia, nikapita ile kona. Mkokoteni ulikuwa umekatika ekseli na kulala katikati ya lami. Maksai mmoja ameanguka, nira imemkaba, mwanamke amepiga magoti anahangaika na kamba. Upande wa kushoto korongo, wa kulia ukuta wa mlima. Na watoto, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuwaweka, mama yao alikuwa amewakalisha juu ya magunia ya mpunga, palepale barabarani, wametulia kama wako sebuleni. Yule mdogo alinipungia mkono. Nikatazama nyuma, nikayaona yale malori yetu, shaba tupu, msururu mzima, na nikapima kwa macho pale kona inapoishia na pale magunia yalipoanzia. Mimi, mwenye maneno mengi kuliko redio, nikakaa chini.

Utingo wote walishuka. Maksai akafunguliwa, mkokoteni ukasukumwa kando, magunia yakabebwa. Masanja alishukuru kila mmoja kwa mikono miwili, hata mimi niliyekuwa nimekaa. Tukaondoka, tukaenda kulala Iringa. Lakini malori ya siku hizi yana kifaa kinachoonyesha yaliko, na wenye shaba yao walikuwa wameshaona kwenye kompyuta kwamba msafara umesimama mahali pasiporuhusiwa. Simu ya meneja ilianza kulia kabla hatujafunga milango.

Hapa ngojeni kidogo, msije mkasema babu anasifu chuma. Chuma hakina akili. Ile Nusu angepewa mwoga mwenye pupa, siku ile tungezika. Na yapo mengi ambayo Mama Lusajo alikuwa nayo kabla hajaiona silaha: miaka yake ya getini, kutazama nani anaingia akitazama nini. Ila najua kitu kimoja kuhusu mtu anayeiogopa silaha yake. Hofu yake inagawanyika, nusu kwa adui, nusu kwa kile alichoshika, na macho hayabaki na kazi. Mtu wa namna hiyo ana njia mbili tu, apige haraka au akimbie haraka. Kutazama hakumo. Hilo sikulijua kwa maneno wakati ule. Nililisikia kwa mara ya kwanza kesho yake, yadini kwetu Iringa.

Mama Lusajo alikuja asubuhi amevaa sare, na mkononi ameshika koti la mvua la kampuni, amelikunja vizuri, tayari kulikabidhi. Nusu alikuwa ameshairudisha jioni. Meneja alitoka nje, hakumwita ofisini. Walinzi wakajifanya wanafagia, na yadi yetu haijawahi kuwa safi vile. Alimuuliza kama aliijua amri. Akasema aliijua. Kama alijua adhabu yake. Akasema aliijua pia.

"Sasa ulisimama kwa nini?"

"Nilipata nafasi ya kumtazama, bosi."

"Nafasi gani? Sekunde ngapi hizo? Wenzako wote wanapita."

Mama Lusajo alijaribu kueleza akashindwa. Alionyesha kwa mikono, hivi na hivi, kabini ilivyo, silaha ilivyokaa. Mimi nilifungua mdomo nisaidie, meneja akaninyooshea kiganja ninyamaze. Badala yake akaniomba shotigani. Nikaikagua mbele yake, tupu, nikampa. Akapanda kwenye lori la Shabani, akakaa pale anapokaa mlinzi, akamwambia Shabani akae kwenye usukani na afunge mlango.

Tukamwona kupitia kioo. Shotigani ilisimama katikati ya magoti yake, mtutu unagonga paa. Akajaribu kuilaza, kitako kikakwama kwenye gia. Akaigeuza, mtutu ukampitia Shabani puani, Shabani akainama akakandamiza honi kwa kifua. Honi ya lori, asubuhi ile! Mafagio yote yakaruka hewani, na kuku wa jirani nadhani hawajataga tena. Wote tulicheka isipokuwa watu wawili, meneja kule juu na Mama Lusajo kule chini.

Honi iliponyamaza, ile bunduki ilikuwa bado imebanana na meneja kama abiria mnene. Kisha akashusha kioo.

"Mama Lusajo. Jana ungekuwa na hii, ungefanyaje?"

Nilimkonyeza. Nilitaka aseme angesimama tu, kwamba yeye ni mzazi, kwamba Mungu alimwongoza, lolote la kumlainisha mtu. Hakunitazama. Alimtazama meneja, na alijibu baada ya kufikiri kweli.

"Ningemwambia Shabani akanyage."

Hakuna aliyefagia. Shabani, kule juu, aliangalia mikono yake kwenye usukani. Meneja akafungua mlango, akashuka kwa shida, akanirudishia shotigani bila kuniangalia. Mama Lusajo akamnyooshea lile koti. Meneja akaenda hatua kadhaa kuelekea ofisini ambako simu ilikuwa inaita, kisha akageuka.

"Kaa nalo," akasema. "Kesho Kitonga kuna mvua."